SAFARI YA NUSU SIKU: MIZIMU NA KAZI ZA MIKONO KATIKA UZARAMO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kibaha)

Bwana Mwenyekiti na ndugu wanachama,

Mlitutuma sisi watu sita tukatazame, nasi twaja kuwapa habari. Twaliondoka Kibaha alfajiri, tukapita Kiluvya, tukaingia nchi ya Kisarawe, na saa saba mchana tulikuwa tumekwisha rudi. Nusu siku ni kidogo, kweli. Walakini baadhi yetu tumekaa katika wilaya hizi mbili zaidi ya miaka ishirini, wala hatukuwahi kuzipa hata hiyo nusu siku.

Jambo hili lilianza kwa mwenzetu aliyesoma habari za wageni waendao Japani, ambao kwa asubuhi moja huonyeshwa mahali pa ibada na mafundi wa kazi za kale. Akauliza: hapa kwetu mgeni angeonyeshwa nini? Wengi tukajibu, shule na reli.

Kwanza twalifika penye mzimu. Hapana jengo kubwa pale: mkwaju, kibanda kidogo cha makuti, vitambaa vyeupe, vyekundu na vyeusi, na chungu kilichovunjika mdomo. Mzee aliyetuongoza alivua viatu, nasi tukavua. Akasema watu huja hapo kutambika kwa unga na ubani, mvua ikikawia au ugonjwa ukizidi nyumbani. Akatukumbusha ya kwamba Wazaramo wa zamani walituma watu hata milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Na mwaka 1905, siku za Maji Maji, ilivuma habari kuwa Kolelo amekataza watu wasilipe kodi ya Wadachi. Sisi tuliokusanya kodi nusu ya maisha yetu tulitazama chini.

Hapa yatupasa kuungama. Mmoja wetu alipatambua mahali pale. Zamani, alipokuwa karani katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, alijaza hati ya ardhi ya upande ule, na mbele ya neno "matumizi" akaandika: "Pori, halitumiki." Hakwenda kutazama, alinakili maneno ya karani aliyemtangulia. Leo miti iliyouzunguka mkwaju imekatwa kwa mkaa, imebaki michache. Mzee hakumlaumu, maana hakujua, nasi pale hatukuwa na ushujaa wa kumwambia.

Kutoka hapo twaliwakuta akina mama wakisuka ukili wa mikeka kwa ukindu uliotiwa rangi. Tulinunua miwili, wala hatukupunguziwa bei.

Kisha twalifika kwa mchongaji, naye alikuwa akichonga mwana hiti. Ni sanamu ndogo ya mti, ina kichwa chenye vishungi viwili, kifua na kitovu. Mikono na miguu haina. Mwali akitiwa ndani alipewa mwana hiti amtunze kama mtoto wake, amwogeshe na kumpaka mafuta, hata siku ya kutoka. Umbo lilo hilo lilichongwa juu ya bakora za wakubwa, na viti, na nguzo za makaburini. Nyingi za kale zilichukuliwa Ulaya, nazo zimo katika majumba ya makumbusho. Fundi alisema anazochonga sasa hununuliwa na watalii. Hakumbuki ni mwaka gani alipomchongea mwali kwa mara ya mwisho. Mwanawe aendesha bodaboda, wala hajashika tezo.

Hapo tulimkumbuka yule mwenzetu na Japani yake. Hekalu la Ise huko hujengwa upya kila miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Hivyo seremala mzee hupata kumfundisha kijana kabla hajafa. Fundi wetu aliposikia alicheka, akauliza nani huwalipa.

Bwana Mwenyekiti, mwenzetu aliyejaza hati ile ameiandikia ofisi barua, akieleza kosa lake na kuomba neno lile lisahihishwe kabla miti iliyobaki haijakatwa. Ataka saini za watu watano waliopaona mahali penyewe kwa macho. Tulikwenda sita, yeye asipohesabiwa, watano tupo. Wanne tumekwisha tia saini. Barua iko mezani kwa Katibu, naye wa tano twamngoja.