Tuziweke Hesabu Mezani



Nashukuru kwa kunialika kufunga mafunzo haya ya uhasibu na usimamizi wa kampuni.

Biashara ya hapa Butembo na Beni ilikua bila kuingoja serikali. Wachuruzi walichanga fedha, wakamtuma mwenzao Dubai au Guangzhou, akajaza kontena moja mali ya watu wengi. Lilipofika, kila mmoja alitambua mzigo wake, akachukua, akaenda zake. Neno la mtu lilitosha, na aliyelivunja hakupata tena wa kumkopesha.

Naiheshimu sana desturi hiyo. Lakini ina kikomo. Mzee akifariki, mjane anafungua daftari na kukuta majina na tarakimu bila tarehe. Nani anadai, nani anadaiwa? Duka ni la kampuni au la baba? Kesi inaanza, duka linafungwa, vijana waliokuwa wakilipwa pale wanabaki bila kazi.

Liko zito zaidi. Wakati kundi la waasi la RCD-K/ML lilipotawala eneo letu, baadhi ya wachuruzi wakubwa waliwatangulizia wakuu wa uasi fedha za ushuru kabla mali haijavuka mpaka wa Kasindi, nao wakapunguziwa ushuru. Wao kwa wao walikuwa waaminifu. Aliyeumia ni mchuruzi mdogo asiye na wa kumpunguzia. Uaminifu unaoishia kwa wenzako wa karibu haujawa uadilifu.

Sasa uadilifu huo unadaiwa na sheria. Tangu Septemba 2012 nchi yetu inafuata sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria ya makampuni, iliyorekebishwa 2014, inataka mjumbe wa bodi ya kampuni ya hisa mwenye maslahi katika mkataba na kampuni hiyo awajulishe wenzake, na asipige kura. Kiongozi anayetumia mali ya kampuni kwa faida yake, huku akijua anaiumiza, ametenda kosa la jinai.

Mtaniambia kodi ni nyingi, vizuizi barabarani havihesabiki, na watu wetu wa Beni bado wanauawa. Ni kweli, Bwana Meya, na serikali ilisikie. Hata hivyo, kutenga fedha za duka na za nyumba hakungoji amani.

Nawaomba, kabla mwaka haujaisha, kila mmoja aite wabia na familia yake, mke na mabinti wakiwemo, aweke hesabu mezani na akubali kuulizwa.

Kwa hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefungwa rasmi.