Bonge la Damu na Safari ya Songea: Korona na Kiharusi Mwambao wa Nyasa

Kiharusi ni hali inayotokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla, ama kwa sababu bonge la damu iliyoganda limeziba mshipa unaoilisha, ama kwa sababu mshipa wenyewe umepasuka na damu ikavujia ndani ya ubongo. Na ingawa katika mazungumzo ya kila siku hali zote mbili huitwa kupooza, tofauti kati ya kuziba na kupasuka ndiyo inayoamua dawa ipi itamwokoa mgonjwa na ipi itamwangamiza. Korona iliukuta ugonjwa huu umekwisha kuota mizizi nchini Tanzania. Utafiti uliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika eneo mojawapo la Dar es Salaam, ulionyesha kwamba, tofauti za umri zikisawazishwa, kati ya kila watu 100,000 wa Hai waliugua takribani 109 kwa mwaka, na wa Dar es Salaam takribani 316, kiwango kinachozidi kile cha nchi nyingi tajiri. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, yaani presha, ambayo haiumi na hivyo haimpeleki mtu zahanati; lakini Dar es Salaam maambukizi ya Virusi vya Ukimwi nayo yalionekana kuongeza hatari, jambo linaloonyesha kwamba kirusi kuufikia ubongo kwa kupitia mishipa ya damu si jambo lililoanza na korona.

Virusi vya korona huingia mwilini kwa njia ya hewa, lakini madhara yake hayaishii kwenye mapafu. Mwili unapopambana navyo huwasha uvimbe mkali unaoufikia hata utando laini unaoifunika mishipa ya damu kwa ndani, na utando huo, ambao kazi yake ya kila siku ni kuiacha damu ipite bila kushikana, ukijeruhiwa huanza kuigandisha. Wakati huohuo oksijeni hupungua, moyo huelemewa na pengine hupoteza mpigo wake wa kawaida, na damu inayotuama ndani ya moyo usiopiga sawasawa hufanya mabonge yanayoweza kusafiri hadi kichwani. Mwezi Aprili 2020 madaktari wa New York walitoa taarifa ya wagonjwa 5 wa korona, wote chini ya umri wa miaka 50, waliozibwa mishipa mikubwa ya ubongo katika kipindi cha wiki mbili tu. Baadaye, katika hospitali mbili za jiji hilohilo, wagonjwa 31 kati ya 1,916 wa korona walipatikana na kiharusi cha kuziba, ilhali kwa wagonjwa wa mafua makali ya influenza waliofika huko miaka iliyotangulia walikuwa 3 kati ya 1,486. Nchini Sweden, uchunguzi wa wagonjwa 86,742 ulionyesha kwamba katika wiki ya kwanza ya ugonjwa hatari ya kiharusi cha aina hiyo ilipanda takribani mara tatu. Hatari hiyo si kubwa kwa kila anayeugua, kwani walio wengi hupona bila kupooza. Bali humwelemea zaidi yule ambaye mishipa yake imekwisha kuchakazwa na presha, kisukari au umri.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, na mwanzoni mwa Mei mwaka huo, hesabu ikiwa 509, takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho wananchi wengi walijifukiza nyungu, na mvuke, hata ukimfariji mtu mwenye kifua kilichobana, huishia katika njia ya hewa wala haufiki ilipo damu inayoganda. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, ikianza na ile ya Janssen, ilifuatwa na hofu kwamba yenyewe ndiyo inayogandisha damu. Hofu hiyo haikuzuka hewani, kwa kuwa mwezi Aprili mwaka huo Marekani iliisitisha kwa siku chache baada ya kubaini watu 6 walioganda damu katika vena za ubongo kati ya dozi zaidi ya milioni 6. Lakini anayeipima hatari kwa haki hana budi kuziweka namba hizo kando ya wale 31 kati ya 1,916.

Fedha za mkopo wa mapambano dhidi ya Uviko-19, yaani korona, shilingi trilioni 1.3, zilijenga madarasa na pia zilinunua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa. Mashine hiyo hupiga picha ya ubongo tabaka kwa tabaka, na ndiyo inayoweza kusema kwa uhakika kama mshipa umeziba au umepasuka. Hivyo janga lililoongeza njia ya kupata kiharusi liliacha nyuma yake pia chombo cha kukitambua. Hilo ni jema, na linastahili kusemwa waziwazi. Hata hivyo dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na aliyepooza Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ana safari ndefu ya kufika kwanza Mbamba Bay, kisha apande kilomita 66 za milima hadi Mbinga, kisha kilomita zipatazo 100 hadi Songea, ambako ndiko iliko hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali za misheni za Litembo na Liuli zimebeba mzigo wa watu wa eneo hili kwa miaka mingi, na bado mlango wa karibu ndio wa kubishwa kwanza, kwani kufuatilia presha kwa uangalifu, kumlinda mgonjwa asipaliwe na kumpa oksijeni ikiwa imempungukia ni kazi zisizosubiri picha. Jambo la kuepukwa nyumbani ni kumpa asprini mgonjwa aliyepinda mdomo kabla haijajulikana kama mshipa umepasuka, kwa sababu dawa hiyo huizuia damu kuganda, na mshipa uliopasuka unahitaji damu igande.

Saa nyingine hupotea kabla gari halijatafutwa. Watafiti waliozungumza na wananchi wa Hai na Dar es Salaam waligundua kwamba ni watu wa mjini, kuliko wale wa kijijini, waliohusisha kiharusi na mashetani au uchawi, jambo linalompasa kila mtu aache kudhani kwamba ucheleweshaji ni ujinga wa kijijini. Anayempeleka mgonjwa kwa mganga anatafuta sababu ya pigo lililokuja ghafla, na maelezo ya kitabibu yakimfikia mapema, kwa lugha yake, naye hubadili njia. Mahali pa kuyatolea maelezo hayo pangekuwa palepale watu wanapokusanyika: katika vyama vya msingi vya ushirika msimu wa kahawa, wakulima wa Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, wanapoleta mazao yao, na katika mialo asubuhi, mitumbwi inaporudi na dagaa; kipimo cha presha hubebwa mkononi, na mtu mzima akipimwa hapo mara moja kwa mwaka angeijua hali ambayo mwili wake haumwambii.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si tena dharura ya kimataifa, lakini virusi vyenyewe vingali vinazunguka, na mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa hospitalini yapo maswali mawili ambayo wauguzi huhitaji kujibiwa na waliomleta: ni saa ngapi alionekana kwa mara ya mwisho akiwa mzima, na je, katika wiki mbili zilizotangulia alikuwa na homa, kikohozi au kubanwa kifua. La kwanza huamua kama muda wa dawa ungalipo, la pili huwaelekeza madaktari kumpima korona na kuiangalia damu yake kwa makini zaidi, na yote mawili huweza kujibiwa na yeyote aliyekuwapo nyumbani akatazama saa ya simu yake pale mdomo ulipokwenda upande.