Jukwaa la Bendi Manda: Paa la Muziki Linalokinga Maji



Jukwaa la bendi katika bustani ya umma si jambo geni pwani. Pale Forodhani, Unguja, bustani iliyotengenezwa miaka ya 1930 iliwekewa jukwaa katikati, na bendi ya Sultani ikawa ikiwapigia watu hapo. Bustani hiyo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na hadi leo hujaa watu kila jioni. Upande wa Kenya, tangu miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu waliiga tarumbeta na ngoma za bendi za kijeshi, wakazigeuza kuwa mchezo wao wenyewe, beni, kundi likishindana na kundi.

Kwa Manda, basi, kilichobaki kuulizwa ni hiki: jukwaa la namna gani?

La kwanza ni jiwe. Maweni ndiko linakochongwa jiwe la matumbawe linalojengea nyumba za Lamu na Shela. Jiwe hupakiwa mashuani likaenda, na kisiwani hubaki mashimo. Wachongaji wengi walitoka magharibi mwa Kenya, wakaja na nyatiti na benga. Majirani zao wana vugo, kirumbizi na tarabu. Jukwaa likijengwa kwa jiwe la Maweni na mafundi wa Maweni, mtoto ataonyeshwa kazi ya mkono wa babake bila kuvuka maji kwenda Lamu.

La pili ni maji. Kila mkazi wa Manda ajua thamani ya dumu moja la maji matamu. Mji wa Takwa ulistawi hapa kuanzia karne ya 15, ukahamwa mwishoni mwa karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Wenyeji wake walihamia Shela, na watu wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo. Wazee wa visiwa hivi walikuwa na dawa yao: jabia, sakafu ya kukinga mvua na birika lake.

Paa la jukwaa laweza kufanya kazi ya jabia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,200, yaani madumu 60 ya lita 20. Hata yakitolewa maji ya mwanzo yanayoosha vumbi, yanayobaki si haba.

Umbo lenyewe latokana na hapo. Paa lililoinuka kingoni na kushuka katikati, mfano wa mwavuli uliopinduka, huteremsha maji kupitia nguzo ya kati hadi kwenye birika chini ya sakafu. Upande wake wa ndani hurusha sauti nje kwa wasikilizaji. Kuba hukusanya sauti katikati, ikawavuruga wapigaji wenyewe. Makuti yana ubaridi mzuri, lakini humeza sauti na maji yake si safi. Chuma huliwa na chumvi ya bahari. Jiwe na boriti za mikoko zilizokatwa kwa kibali hudumu zaidi.

Sakafu iwe chini, hatua mbili tu, wazi pande zote, kwa kuwa ngoma za hapa huchezwa kwa duara na mtazamaji wa sasa ndiye mchezaji wa baadaye. Kingo ziwe baraza za kukalia, ili siku zisizo na muziki pawe mahali pa mazungumzo na kivuli.

Yako pia mambo ya heshima. Nguzo ya kati isiige ile ya kaburi la Takwa. Pale ni mahali pa dua, na magofu yake yanalindwa kisheria. Muziki unyamaze wakati wa adhana. Kwa kuwa uwanja wa ndege uko kisiwani, urefu wa jengo lolote lililo karibu nao sharti uidhinishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mahali pachaguliwe kwa kufikiria kaskazi na kusi, maana upepo ndio utakaoamua nani asikie muziki na nani akeshwe nao.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti kazi ya utamaduni, burudani na bustani za umma, na Katiba hiyohiyo yataka mwananchi ashirikishwe. Basi kila mkazi aje barazani na majibu matatu: lijengwe wapi, nani atashika ufunguo wa birika, na nani atafagia paa kabla ya mvua za masika. Birika lisilo na mwenyewe hukauka, na jukwaa lisilo na mwenyewe hugeuka zizi la mbuzi.