Msimwage Mtungi Wote kwa Mara Moja
(Hotuba kwa kikundi cha vijana watunzaji wa mabwawa ya kuogelea, Ukunda)



Nimeitwa kwa sababu ya ile kazi iliyopotea. Mlitia klorini mara mbili ya kawaida, na bado maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Mwenye nyumba akawaita wavivu. Mimi nasema hamkuwa wavivu, ila hamkupima.

Hebu tuanze jikoni. Akina mama mnajua magadi: kidogo yanaivisha maharagwe upesi, yakizidi chakula hakiliki. Hiyo ni alkali. Sasa visima vyetu vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni chokaa. Maji yakipita humo yanabeba alkali; tazameni tu ukoko mweupe ndani ya birika. Hayo hayo ndiyo tunajazia bwawa, kwa hiyo hata mkiyamwaga yote na kujaza upya, mmerudi palepale.

Vipimo ni viwili, na watu huvichanganya. pH yaonyesha maji yalivyo saa hii, tunataka 7.2 hadi 7.6. Alkali yote ni ile akiba iliyomo, inayoyafanya maji yakatae kubadilika. Tunataka miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Akiba ikiwa 200, mtasukuma pH chini leo, baada ya siku chache imepanda tena. Na pH ikifika 8, ni kama robo tu ya klorini inayofanya kazi sawasawa. Kwa 7.2 ni kama thuluthi mbili. Basi pesa zenu zilikaa majini bure!

Dawa yake ni asidi ya hidrokloriki. Ile ya asilimia 31, mililita 200 zinapunguza alkali kwa miligramu 10 katika bwawa la lita 10,000. Bwawa la mita 10 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, lina lita 50,000. Hapo lita moja ya asidi inapunguza 10. Kutoka 200 hadi 120 ni lita 8. Lakini msitie zote siku moja, jamani. pH itaanguka, na maji yatakula vyuma vya pampu na saruji. Tieni lita moja pampu ikizunguka, ngojeni masaa sita, pimeni. pH ikikaribia 7.0, acheni asidi.

Hapo sasa yarusheni maji. Mnajua limau likiangukia magadi linatoa povu? Gesi ile ile imo bwawani. Elekezeni bomba la kurudishia maji juu, yaruke. Gesi itatoka na pH itapanda yenyewe, alkali ibaki chini. Kisha asidi tena. Msipandishe pH kwa magadi, mtarudisha kile mlichokitoa. Ni kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo mwambieni mwenye nyumba mapema, asije akadhani mnajivuta.

Beseni la maji moto la lita 1,500 linataka mililita 30 tu, vijiko viwili vya supu, kwa kila 10. Kwa kuwa linabubujika, pH yake hupanda haraka. Lipimeni kila siku.

Mmoja wenu ana kovu mkononi, sitamtaja. Vaeni glavu za mpira na miwani, upepo uwe mgongoni. Kwenye ndoo ya plastiki maji hutangulia, asidi hufuata, kamwe si kinyume. Asidi na klorini zisikutane, hata katika ndoo iliyosuuzwa vibaya: gesi yake inaua. Wageni wasiingie majini mpaka mpime.

Mweka hazina, najua zamu ya mchango wa mwezi huu ina mwenyewe. Lakini kifaa cha kupimia kinunuliwe kabla ya mtungi mwingine wa klorini. Leo nimeazima kimoja. Nani amekuja na maji ya kisima chake?