Kitabu cha Kumpa Rafiki: Nathari Isiyo ya Kubuni katika Kiswahili



Katika idara zetu, mtu akiuliza asome nini kwa Kiswahili, jibu huwa tayari mdomoni: riwaya, tamthilia au diwani. Rafiki yangu mmoja, mhandisi mstaafu, aliniuliza swali hilo kwa sharti moja tu, kwamba asipewe hadithi ya kubuni. Alitaka watu waliopata kuishi na mambo yaliyotukia, na aliamini kuwa kwa hayo hana budi kugeukia Kiingereza. Imani hiyo imeenea hata miongoni mwa wanafunzi wetu. Jioni hii nakusudia kuipinga.

Kitabu nilichomtajia kwanza ni Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1901. Ndani yake Selim bin Abakari, mwenye asili ya Komoro, anasimulia safari yake ya mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, akiwa mtumishi wa Mjerumani. Tumezoea kusoma namna wasafiri wa Ulaya walivyotutazama sisi. Hapa jicho limegeuzwa. Mwanaisimu naye hatatoka mikono mitupu, kwani lugha ya pwani yenye joto inatakiwa kueleza baridi na nchi ambazo haikuwa imezizoea.

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, ni ya aina nyingine. Aliiandika kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akaitoa kwa hati za Kirumi. Nathari yake ni ya mfanyabiashara: fupi, kavu, yenye kuhesabu pembe kwa frasila na kukumbuka kila deni. Msomaji huburutwa naye hadi Kongo pasipo kupumzika. Hata hivyo, watumwa na wapagazi waliobeba mali ile hawapewi sauti, na anayempa rafiki kitabu hiki anapaswa kumtahadharisha kabla hajakifungua.

Kwa mtu apendaye mambo ya nyumbani, jando, arusi, uganga na mazishi, nachagua Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903. Jina la Velten ndilo lililowekwa mbele, lakini sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa mrima wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin. Mwaka 1905 alijaribu kurejea kwao na mkewe Mjerumani, na wakoloni wakawazuia kushuka pwani. Aliyetuhifadhia desturi za mrima akafia Ujerumani mwaka 1927. (Haya nayo ni maisha yanayostahili kuandikiwa kitabu kizima kwa Kiswahili.)

Kuhusu Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert sitasema mengi, maana wengi mnaujua. Mhusika wake, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa mwimbaji wa taarabu aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mwandishi anaelekea mno kuusia, lakini anamheshimu mwanamke aliyetoka katika umaskini bila ya kumhurumia, na hilo si jepesi.

Tatizo linalobaki ni la upatikanaji. Rafiki yangu alizunguka maduka ya vitabu akarudi bila hata kimoja. Maandishi ya Velten yana tahajia ya zamani, na msamiati wake unamshinda msomaji wa kawaida. Yanahitaji toleo jipya lenye tahajia ya leo, sherehe ya maneno, ramani, na utangulizi utakaoeleza nani aliuliza, nani alijibu, na kwa masharti gani. Wanafunzi wa umahiri mlio ukumbini mnaotafuta mada, safari ya Selim peke yake inatosha kwa tasnifu moja.