Ukitaka Kuipinga Riba ya HELB, Nenda Kasome Uchumi

 

Ndugu yangu, dada yangu, uliye Thika, Juja, Ruiru au popote kando ya barabara hii yetu, leo nataka nizungumze nawe juu ya kitu ambacho huenda hukutarajia kukisikia kwa watu wa haki. Nataka ufikirie kusoma masta ya uchumi, yaani shahada ya uzamili.

Najua utasema, "Sisi tunapigania vitambulisho, hijabu na vijana wanaopotea, wewe unatuletea mambo ya darasani?" Ndio, nayaleta, na nitakueleza kwa nini.

Chukua kero moja tu, ile ya HELB. Kijana wa Kiislamu anafika chuo kikuu, baba ni mchuuzi, mama anauza mahamri, karo haipo. Mkopo upo, lakini una riba, asilimia 4 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza. Anajua zile aya za Suratul Baqara zinazokataza riba. Anabaki na njia mbili: achukue huku moyo unamsuta, au aache na pengine asisome kabisa. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe huduma wala haki kwa sababu ya dini yake. Kwa hivyo hoja ya haki tunayo, na ni nzito.

Sasa tuseme umeingia katika ofisi ya mkubwa anayehusika na mikopo hiyo. Umetoa hoja yako ya dini na ya Katiba, amekusikiliza kwa adabu. Halafu anakuuliza: "Sawa kijana, nikiondoa hiyo asilimia 4, mfuko utaishi vipi?" Anachukua kalamu. Nikikukopesha Sh100,000 leo, bei zikipanda asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 5 ukinirudishia Sh100,000 zile zile, nguvu yake ya kununua ni kama Sh75,000 za leo. Oktoba 2022 mfumko wa bei Kenya ulifika asilimia 9.6. "Mimi hata sikuli faida," anakwambia, "napata hasara. Na hasara hiyo anaibeba mwanafunzi wa mwaka ujao atakayekosa mkopo."

Utamjibu nini hapo? Wengi wetu hapo ndipo tunanyamaza, au tunapandisha sauti. Lakini jibu lipo, na ni la kitaalamu. Kwanza ujue kwamba huwezi kumwambia "basi ongeza kulingana na bei za sokoni", kwa sababu Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ilikataa mwaka 1988 kufungamanisha deni na kiwango cha bei. Kwa hivyo pengo lile lazima lizibwe kwa njia nyingine: ada halisi ya kuendesha huduma, wakfu, au fungu katika bajeti ya serikali. Pengo ni shilingi ngapi? Kwa wanafunzi wangapi? Wangapi wangekuja kukopa ambao leo wanakaa nje? Hayo ni maswali ya tasnifu ya masta ya uchumi, na mtu akiyajibu vizuri, mazungumzo ofisini yanabadilika.

Wenzetu wameshapita njia hii. Malaysia, mfuko wao wa mikopo ya wanafunzi, PTPTN, ulileta mfumo wa ujrah mwaka 2008, ada ya asilimia 1. Wapo wanaouliza kama ile ni ada kweli au ni riba iliyobadilishwa kanzu, na mimi naona swali hilo ni la haki: ada inatakiwa ilingane na gharama za kazi, isiwe jina tu. Uingereza nako, serikali ilikusanya maoni juu ya mkopo usio na riba mwaka 2014, sheria ya 2017 ikafungua mlango, na miaka 10 baada ya yale maoni wanafunzi Waislamu walikuwa bado wanasubiri. Kumbe kukubaliwa kwa maneno ni jambo moja, na kuusanifu mfumo mpaka ufanye kazi ni jambo lingine. Kusanifu kunahitaji watu.

Na watu hao wanaweza kutoka hapa. Panda matatu Thika ushuke Kahawa, si mbali hata kilomita 30. Thika yenyewe ina Mount Kenya University. Juja unapita JKUAT. Ruiru kuna Zetech, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina kampasi pale, halafu mbele kidogo unakutana na makao yake makuu, panaposomeshwa uchumi. Na usisahau kwamba Umma University, chuo kikuu chetu cha Kiislamu, kilikua kutoka kile chuo cha Sharia cha Thika. Barabara ya Garissa inaanzia Thika, ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki wanashukia hapa. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120 na Thika 251,407. Wanafunzi wa uchumi wanasafiri kutoka mbali kuja kusoma mahali ambapo wewe unanunua mboga.

Sasa nikwambie ukweli wa masomo yenyewe, usije ukasema hukuambiwa. Kwa kawaida ni miaka 2, ingawa wengi huzidisha. Utasoma uchumi mikro, uchumi makro, na ekonometriki, yaani kupima uchumi kwa takwimu. Muhula wa kwanza ni hesabu, hesabu, hesabu. Kama ulisoma shahada ya kwanza kwa kukariri maelezo, utaumia. Anza kufufua kalkulasi na matriksi miezi kadhaa kabla, na ujifunze programu ya takwimu. R ni ya bure. Vyuo vingi hutaka uwe na daraja la pili la juu, na mwenye la chini hutakiwa kuongeza uzoefu wa kazi au stashahada ya uzamili.

Kuna wanaoogopa kwamba darasani watafundishwa riba. Watafundishwa, tena sana. Utasoma kwa nini Benki Kuu ilipandisha kiwango chake mpaka asilimia 13 Februari 2024, na jinsi hilo linavyomfikia mwenye duka la nguo pale Thika. Kukielewa kitu si kukila. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani inahusu kuandika madeni, na Ibn Khaldun aliandika juu ya kazi, bei na kodi karne nne kabla ya Adam Smith. Elimu hii si ya kigeni kwetu. Hapa Afrika Mashariki tunaye Profesa Ibrahim Lipumba, mtoto wa Tabora, aliyefika mpaka Stanford akachukua uzamivu wa uchumi. Siasa zake tuziache, ila njia ipo.

Karo ndio mlima. Ni laki kadhaa, na sitakudanganya kwamba ni rahisi. HELB inakopesha wa uzamili pia, lakini tunarudi pale pale. Kwa hivyo anza kwingine. Muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, ulioanzishwa 1988 na makao yake yako Nairobi, umefadhili wanafunzi wengi wa uzamili kupitia vyuo shirika, uliza idarani. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ina mpango wa masomo wa tangu 1983 kwa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, na Kenya ni mojawapo. Tazama ulivyosukwa: mwanafunzi anapewa kama qardh hasan, akimaliza anarudisha bila riba kwa mfuko wa jamii yake ili asome mwingine. Yaani kile tunachokidai HELB, mfano wake umeshatembea miaka 40. Na kama unafanya kazi, uliza kulipa karo kwa awamu. Masomo ya jioni na wikendi yapo, ila angalia ratiba ya Ijumaa mapema. Ikigongana na swala, andikeni barua kwa mkuu wa idara mwanzoni mwa muhula, mtie saini mkiwa kundi, si kulalamika wiki ya mtihani.

Wengi hukwama kwenye tasnifu. Wanamaliza masomo ya darasani, halafu miaka inapita. Dawa moja ni kuchagua swali ambalo data yake ipo tayari. Utafiti wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu, KNBS na FSD Kenya tangu 2006, unaonyesha nani ana akaunti na nani hana, na data yake inapatikana. Takwimu za HELB nazo unaweza kuzidai: sheria ya 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na wakikaa kimya unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ukitaka kukusanya data mwenyewe, chukua kibali cha NACOSTI kwanza.

Busia walikuja watafiti wa Marekani miaka ya 1990 kupima dawa za minyoo shuleni, na mmoja wao, Michael Kremer, akapata Nobel 2019. Kazi nzuri. Lakini swali la kijana Mwislamu aliyekosa chuo kwa sababu ya riba, hakuna Profesa wa Harvard atakayeamka usiku kwa ajili yake.

Dada zangu, nawaambia nyinyi hasa, kwa sababu nasikia mnaambiwa digrii moja inatosha. Haitoshi kwa kazi hii.

Basi wiki hii tafuta cheti chako na nakala za matokeo, ongea na walimu wawili wa kukuandikia barua, kisha uende idarani uulize msimamizi gani anafanya kazi ya fedha za umma. Muulize kama atakubali swali la HELB.

Wabillahi tawfiq.