Jua ni la Bure, Mtambo ni wa Mkopo

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanakisomo na wakulima wa mkoa wa Shinyanga. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya umeme wa jua. Sina maana ya ile paneli moja juu ya bati la nyumba. Hiyo mnaijua, na wengi wenu mnayo. Nataka tuzungumze juu ya mitambo mikubwa, ile inayotandaza maelfu ya paneli porini na kupeleka umeme kwenye gridi ya taifa. Kwa jirani zetu wa Garissa, Kenya, mtambo wa namna hiyo ulifunguliwa Desemba 2019. Una megawati 50 na umekaa juu ya hekta 85, yaani ekari 210 hivi. Na hapa kwetu, wilaya ya Kishapu, mkataba wa kujenga megawati 50 za kwanza ulitiwa saini mwaka 2023.

Watu wananiuliza: "Mwalimu, jua letu ni kali na halina mwenyewe. Mbona mitambo hii ni michache hivi?" Swali ni zuri. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2022 kwamba Afrika ina asilimia 60 ya sehemu zenye jua bora kuliko zote duniani, lakini ilikuwa na asilimia 1 tu ya mitambo ya umeme wa jua. Moja kwa mia, ndugu zangu! Ulaya, ambako watu huota jua kama sisi tunavyoota moto, wametupita mbali. Tatizo haliko angani. Liko benki.

Ngoja nieleze kwa pampu ya maji, maana hiyo tunaijua sote.

Wakulima wawili wanalima nyanya bondeni. Wa kwanza kanunua pampu ya mafuta. Bei yake ni ndogo, lakini kila siku lazima aende na dumu kutafuta mafuta, na siku akikosa nyanya zinanyauka. Wa pili kanunua pampu ya sola. Bei yake ni kubwa mara kadhaa, lakini akishaifunga hanunui mafuta tena. Nani kafanya vizuri? Naona wengi mnasema wa pili. Nami nakubali, ila nauliza: fedha alizipata wapi? Kama aliuza ng'ombe wake, sawa. Kama alikopa, tupige hesabu kwanza.

Tuseme alikopa shilingi milioni 10, alipe kwa miaka 20, kiasi kile kile kila mwaka. Akikopeshwa kwa riba ya asilimia 4, atalipa kama shilingi 736,000 kwa mwaka. Mpaka anamaliza atakuwa ametoa karibu milioni 14.7. Akikopeshwa kwa asilimia 12, atalipa kama shilingi 1,339,000 kwa mwaka, na jumla yake ni karibu milioni 26.8. Mwenye kalamu aandike, akahakikishe nyumbani. Pampu ni ile ile, jua ni lile lile, na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni riba peke yake, na imekaribia kuongeza malipo mara mbili.

Sasa toa milioni uweke mabilioni, hapo umefika kwenye mtambo mkubwa. Mtambo wa gesi au wa mafuta hununua mafuta yake kidogo kidogo, huku ukiuza umeme. Mtambo wa jua ni kama kununua leo mafuta ya miaka 25 yote na kuyaweka ghalani. Gharama karibu yote ni ya siku ya kwanza. Kwa hiyo anayekopesha ndiye kwa kweli anayepanga bei ya umeme wa jua, kupita hata anayeuza paneli. Paneli zenyewe zimeshuka bei sana. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, linasema kwamba kati ya 2010 na 2020 gharama ya umeme kutoka mitambo mikubwa ya jua ilishuka kwa asilimia 85. Riba ndiyo haikushuka. Mradi wa umeme katika nchi zetu hulipia fedha mara mbili au tatu kuliko mradi wa namna hiyo hiyo katika nchi tajiri.

Kwa nini? Mkopeshaji ana hofu mbili. Hofu ya kwanza: mnunuzi atalipa? Mara nyingi mnunuzi wa umeme ni mmoja tu, shirika la serikali, na mashirika hayo katika nchi nyingi yana madeni. Hofu ya pili ni ya sarafu. Mkopo ni wa dola, lakini wewe na mimi tunalipa umeme kwa shilingi.

Tutazame wenzetu walivyofanya. Uganda walijenga mtambo wa megawati 10 pale Soroti, ukazinduliwa Desemba 2016. Katika zabuni yao, bei ilifika wastani wa senti 16.37 za dola kwa uniti moja. Ni ghali hiyo. Basi shirika la umeme la Uganda lilikubali kulipa senti 11, na zile 5.37 zilizobaki zikatolewa na wafadhili, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani iitwayo KfW. Ni msaada wa kushukuru, lakini nchi haiwezi kujenga megawati elfu kwa msaada wa namna hiyo. Mfadhili naye ana mfuko wenye mwisho.

Zambia walikwenda njia nyingine. Waliweka ardhi tayari karibu na Lusaka, wakaomba Benki ya Dunia isaidie kuandaa mikataba, ikopeshe, na itoe dhamana kwamba shirika la umeme likichelewa kulipa, mwenye mtambo hatakwama. Kisha wakayashindanisha makampuni. Mwaka 2016 mshindi alitaja senti 6.02 kwa uniti, bei isiyopanda kwa miaka 25. Linganisha na Uganda! Umbali wa jua kutoka Soroti na kutoka Lusaka ni ule ule. Zambia walifaidi kushuka kwa bei ya paneli, hilo kweli, lakini hasa walimwondolea mkopeshaji hofu ya kwanza, naye akapunguza bei. Mtambo huo, uitwao Bangweulu, ulianza kazi mwaka 2019.

Hofu ya pili haikuondoka. Ilihama tu, ikakaa kwa mwananchi wa Zambia. Bei ile ya senti 6 ni ya dola. Mwaka 2016 dola moja ilikuwa kama kwacha 10, kwa hiyo uniti moja ilikuwa kama ngwee 60. Mwaka 2024 dola ilifika kama kwacha 26, uniti ile ile ikawa kwacha moja na nusu na zaidi. Mwenye mtambo hakupandisha hata senti. Kwacha ndiyo iliyoanguka.

Je, walikosea? Mimi sisemi hivyo. Mwaka 2024 ukame uliwapiga, ziwa Kariba likapungua, watu wakakaa gizani saa nyingi kila siku. Wakati kama huo mtambo wa jua hauombi mvua. Nasema tu kwamba mkataba wa dola una mtu wa kubeba dola inapopanda, na mtu huyo ajulikane kabla ya kutia saini.

Turudi kwetu. Kishapu haikupewa kampuni binafsi iuze umeme. Serikali imekopa kwa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, kampuni ya China, Sinohydro, ikapewa ujenzi, na mtambo ni wa TANESCO. Faida ya njia hii ni kwamba benki za maendeleo huikopesha serikali kwa masharti nafuu kuliko zile za biashara, tena hakuna mwekezaji wa kugawiwa faida. Ubaya wake ni kwamba deni ni letu sote. Paneli zikivunjwa, au zikifunikwa na vumbi bila kusafishwa, marejesho yanaendelea.

Njia nyingine ni kutumia kodi, kama tulivyofanya kwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Hakuna riba ya mgeni, ila fedha zinazoingia bwawani haziingii barabarani wala zahanati. Na ipo njia ya kukopa kwa wananchi wenyewe kwa shilingi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani, yaani hati za kukopa fedha kwa watu na mashirika, ikapata zaidi ya shilingi bilioni 53 za miaka 10. Hapo hofu ya dola haipo. Lakini riba yake ni asilimia 13.5! Mnakumbuka hesabu yetu ya pampu. Kwa hiyo uchague: riba ndogo yenye dola ndani yake, au riba kubwa ya shilingi. Kwa maoni yangu, nchi ichukue ile ndogo ya serikali kwa serikali inapopatikana, lakini isiache kujifunza kukopa kwa shilingi zake, kidogo kidogo, mpaka riba ya ndani ishuke.

Mzee mmoja ameniuliza juu ya usiku. Ni kweli, usiku paneli zimelala. Betri kubwa zipo na bei yake inashuka, lakini nazo zaongeza mkopo. Sisi tuna bahati ya mabwawa: mchana tutumie jua, maji yabaki bwawani, usiku tuyafungulie.

Na mama yule pale ameuliza jambo ambalo wengi mnalo moyoni: mtambo uko jirani, mbona kwetu bado giza? Mama, umeme wa mtambo mkubwa hauendi kwenye nyumba iliyo karibu. Unaingia gridi, unachanganyika na wa bwawa na wa gesi, kisha unagawanywa nchi nzima. Nguzo na nyaya za kuufikisha kitongojini ni mradi mwingine, wenye fungu lake. Mkandarasi wa paneli hana nguzo hata moja ya kuwapa. Barua ya kijiji iende kwa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na kwa meneja wa TANESCO wa wilaya. Itaje idadi ya kaya, shule, zahanati na mashine za kusaga, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.